Asidi za mafuta huru kwenye damu: sampuli zile zile, majibu mawili tofauti. Wataalamu wa maabara njooni

#1 Mpima_Dom
Wakuu, habari za majukumu.
Nipo Dodoma, nafanya utafiti wa uzamili kuhusu kisukari vijijini, upande wa Chamwino na Mpwapwa. Moja ya vipimo vyangu ni asidi za mafuta huru kwenye damu, zile zinazoandikwa NEFA kwenye fomu, mafuta ambayo mwili unayaachia kwenye damu ukiwa na njaa. Watu walikuwa wamefunga kula usiku kucha. Sampuli 48, wastani ukaja 0.54 milimoli kwa lita. Nikafurahi, namba ya kawaida kabisa.
Wiki tatu baadaye nikatoa sampuli 10 kwenye friza nirudie kuhakiki. Wastani 0.93! Mashine ile ile, vitendanishi vya boksi lile lile, aliyepima ni mimi mwenyewe. Msimamizi kaangalia, kasema neno moja tu: "Rudia." Sasa nirudie nini, kupima, kutoa damu au mwaka mzima wa masomo?
Naombeni msaada, na mwenye matusi apite pembeni.

#2 Kitonga_Msomaji
Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Dada_Sentrifuji
Pole mkuu. Bila majibu ya haya tutapiga ramli tu: tyubu za kizibo cha rangi gani? Toka sindano itoke mpaka damu inazungushwa kwenye sentrifuji ili plazima, maji ya damu, ijitenge, ulipita muda gani? Barafu ilikuwepo? Friza ni ya nyuzi hasi ngapi, na umeme wa hapo ukoje?

#4 Mpima_Dom
Dada, Chamwino tulitumia tyubu za zambarau. Zikaisha, Mpwapwa tukatumia za kijani. Chamwino tulirudi mjini ndani ya saa moja na nusu. Mpwapwa ilichukua saa nne, gari lilipata pancha. Barafu tulikuwa nayo kwenye kulboksi, ila tulipofika ilikuwa maji ya kunywa. Friza ni hasi 20. Umeme ulikatika mara mbili ninazozijua.

#5 Dada_Sentrifuji
Umeshajijibu. Kijani ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Heparini inaamsha kimeng'enya kinachovunja trigliseridi, yale mafuta ya damu ambayo asidi tatu zimeshikwa na gliseroli moja, na kila trigliseridi ikivunjika inaachia asidi za mafuta. Kwa hiyo ndani ya tyubu asidi zinaendelea kuzaliwa wakati wewe unabadilisha tairi. Kipimo hiki ni zambarau, barafu, zungusha haraka, gandisha. Nilifundishwa hivyo na sijawahi kujuta.

#6 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Dada #5, nakubaliana na barafu, ila hapo kwenye heparini umechanganya kidogo. Hicho kimeng'enya kinakaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Heparini inakitoa pale ukutani ikiwa imeingia MWILINI, yaani mgonjwa amechomwa heparini au kanula yake imesafishwa nayo. Hapo ndiyo kinaingia kwenye damu, unakivuta na sindano, na kinaendelea kula trigliseridi ndani ya tyubu. Tyubu ya kijani haina ukuta wa mshipa. Wanakijiji wa Mpwapwa hawakuwa na dripu ya heparini. Au walikuwa nayo?

#7 Mpima_Dom
Hawakuwa nayo. Watu wazima wa afya zao, wengine walikuja na baiskeli.

#8 Dada_Sentrifuji
Daktari sawa, nimekuelewa. Lakini karatasi ya maelekezo iliyokuja na kiti chetu inakataza kabisa plazima ya heparini. Wameandika kwa kujifurahisha?

#9 Kitonga_Msomaji
Kiti kinakuja na maelekezo? Cha kukalia au cha kuzungusha?

#10 Dada_Sentrifuji
Boksi la vitendanishi basi, mwalimu wa Kiswahili wewe.

#11 Fundi_Alizeti_Sgd
Naomba kuuliza kwa sisi wa mashineni. Mimi nakamua alizeti Singida. Asidi huru tunazipima kila siku: unapima gramu za mafuta, unaweka spiriti ya moto, matone ya fenolfthalini, unadondosha sodiamu haidroksaidi mpaka rangi ya waridi ikae. Ujazo mara nguvu ya dawa mara 28.2, gawanya kwa uzito, unapata asilimia kama asidi ya oleiki. Dakika tano umemaliza. Ninyi wa damu mbona mnahangaika na friza na kulboksi?

#12 Mzee_wa_Bureti
Kijana wa alizeti umenikumbusha mbali. Nimestaafu, lakini miaka ya themanini tulikuwa tunapima damu kwa njia hiyo hiyo yako, baba yake ni mmoja. Inaitwa njia ya Dole, Vincent Dole wa New York, aliiandika mwaka 1956. Unachanganya plazima na isopropanoli, heptani na asidi ya salfa kidogo. Inajitenga tabaka mbili, mafuta yanapanda juu kwenye heptani, unayanyonya, unayapima kwa bureti, lile bomba lenye vipimo la kudondoshea dawa.
Tofauti yako na yetu ni wingi. Wewe una gramu nzima ya mafuta. Mimi kwenye mililita moja ya plazima yenye 0.5 nina asidi ya miligramu 0.14 tu. Ukitumia dawa ya nguvu 0.02 unahitaji mikrolita 25, yaani NUSU TONE. Nusu tone ndiyo inaamua mgonjwa yukoje! Ukipumulia chupa, hewa ya ukaa inaingia na kuhesabiwa nayo ni asidi. Tulikuwa tunapuliza nitrojeni ndani na kubana pumzi zetu. Anayeongea anatolewa nje.

#13 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Shikamoo mzee. Huyo Dole ndiye huyo huyo aliyekuja kuanzisha tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini miaka ya sitini. Methadoni inatolewa hata hapa Dodoma leo. Watu wengi wanamjua kwa hilo, hawajui kwamba alianza na mafuta.

#14 Mzee_wa_Bureti
Marahaba. Hilo la methadoni sikulijua, nimefunguka. Niongeze: njia yake ya kwanza ilikuwa inabeba na asidi nyingine, hasa laktiki. Mwaka 1960 Trout na wenzake wakaongeza hatua ya kuiosha ile heptani kwa asidi ya salfa iliyozimuliwa. Mtu aliyekuja kliniki mbio, usipoosha, unamsingizia mafuta kumbe ni jasho la misuli.

#15 Fundi_Alizeti_Sgd
Nusu tone! Nakaa kimya. Ila mzee, alizeti ikinyeshewa ghalani asidi zinapanda zenyewe, mbegu inajila. Naona damu ya Mpwapwa ilinyeshewa.

#16 Vet_Kongwa
Fundi #15 hajakosea sana. Vimeng'enya ni vya ukoo mmoja.
Mimi ni wa mifugo. Sisi tunapima NEFA kwa ng'ombe wa maziwa wanaokaribia kuzaa. Mashamba ya Marekani wanaanza kuogopa ikizidi kama 0.3 wiki za mwisho kabla ya kuzaa, na 0.6 au 0.7 baada ya kuzaa, kwa sababu ng'ombe anakula mafuta ya mwili wake kuliko ini linavyoweza. Huwezi kuzibeba namba hizo ukaziweka kwa ng'ombe wa Mpwapwa asiyetoa maziwa mengi hivyo, nimeona watu wakifanya.
Mpima_Dom, watu wako walifunga saa ngapi? Ng'ombe ukimchelewesha chakula asubuhi tu, namba inapanda.

#17 Mpima_Dom
Tuliwaambia wasile kuanzia saa mbili usiku. Chamwino tulitoa damu saa moja asubuhi. Mpwapwa tulichelewa, wengine tuliwatoa saa tano.

#18 Vet_Kongwa
Kumbe wa Mpwapwa walifunga saa kumi na tano na wa Chamwino kumi na moja. Insulini imeshuka, mafuta yanafunguliwa. Na wamepiga baiskeli! Hao namba zao LAZIMA ziwe juu, na ni za kweli.

#19 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Vet, soma tena #1. Kilichopanda ni sampuli ile ile ndani ya friza. Baiskeli haiingii kwenye friza. Hoja yako inaeleza Mpwapwa dhidi ya Chamwino, haielezi 0.54 kuwa 0.93.

#20 Vet_Kongwa
Nimepokea kichapo. Ila hoja ya kufunga ibaki mezani, ataihitaji kwenye tasnifu. Asidi hizi kwenye damu ya mtu aliye hai zinakaa dakika chache tu, mbili mpaka nne nusu yake imeshachukuliwa na nyingine zimeingia. Ni kama kupiga picha daladala zinazopita.

#21 Namba_Hazidanganyi
Mimi si wa maabara, ni wa takwimu. Mleta uzi, 0.54 ni wastani wa watu 48. 0.93 ni wa watu 10. Hao 10 mara ya kwanza walikuwa na ngapi? Usilinganishe kijiji kizima na kaya moja.

#22 Mpima_Dom
Aisee. Nimeangalia daftari. Wale 10 mara ya kwanza walikuwa 0.61.

#23 Namba_Hazidanganyi
Tofauti imeshuka kutoka 0.39 mpaka 0.32 bila kugusa sindano. Sasa wagawe kwa rangi ya tyubu.

#24 Mama_Ubuyu_Majengo
Wanangu mnaongea lugha ngumu, ila nauliza: hao watu walikunywa juisi ya ubuyu? Daktari mmoja aliwahi kuniambia ubuyu una vitamini C inayoharibu vipimo.

#25 Kitonga_Msomaji
Mama ameanza kutafutia biashara soko kwenye uzi wa damu.

#26 Dada_Sentrifuji
Kitonga mheshimu mama, kagusa kitu kikubwa pengine kuliko sisi wote.
Njia tunayotumia siku hizi ni ya vimeng'enya, hatua tatu. Cha kwanza kinaifunga asidi ya mafuta kwenye koenzaimu A. Cha pili kinaioksidisha, na hapo inazaliwa peroksidi ya haidrojeni. Cha tatu, peroksidesi, kinatumia ile peroksidi kutengeneza rangi ya zambarau, na mashine inasoma rangi hiyo kwenye nanomita 550 hivi. Rangi ikikolea, asidi ni nyingi. Sasa vitamini C inaila ile peroksidi kabla haijawa rangi, unapata jibu la CHINI.
Vitamini C haidumu kwenye sampuli. Kwa hiyo inawezekana jibu la kwanza ndilo lilikuwa la uongo, limeshushwa na ubuyu, na baada ya wiki tatu vitamini ikafa, ukweli ukaonekana!

#27 Mama_Ubuyu_Majengo
Asante mwanangu. Kikombe changu chochote ukipita Majengo, hulipi.

#28 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Wazo tamu, ila tulipige hesabu. Kwa kula na kunywa tu, vitamini C kwenye plazima inagota kama 0.08 milimoli kwa lita, figo zinamwaga ziada. Hata kila chembe yake ikila chembe moja ya peroksidi, imeficha 0.08. Tofauti yetu ni 0.32. Ubuyu unaeleza robo, tena tukiwa wakarimu. Na boksi nyingi zina kimeng'enya cha kuiondoa vitamini C kabla ya rangi kuanza. Mpima_Dom aangalie karatasi yake.

#29 Mpima_Dom
Nimeangalia. Cha kuondoa vitamini C kimo kwenye kitendanishi cha kwanza. Samahani mama.
Na kwa Namba_Hazidanganyi: wale 10, kijani ni 6, kutoka 0.66 mpaka 1.09. Zambarau ni 4, kutoka 0.53 mpaka 0.69.

#30 Dada_Sentrifuji
SI NILISEMA? Kijani imepanda 0.43, zambarau 0.16! Daktari njoo.

#31 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Nimekuja. Kijani yote ni Mpwapwa. Mpwapwa ni saa nne, pancha na barafu iliyoyeyuka. Utajuaje kama ni rangi ya kizibo au ni jua la njiani? Na zambarau nazo zimepanda, hizo utazisingizia nini?

#32 Namba_Hazidanganyi
Daktari yuko sahihi, rangi ya tyubu na safari vimefungwa kamba moja, huwezi kuvitenganisha kwa sampuli hizi. Tena zambarau ni nne tu.

#33 Dada_Sentrifuji
Za zambarau nasema ni umeme. Friza ya hasi 20 ikizimika usiku mzima Dodoma mwezi wa kwanza, asubuhi ni supu. Trigliseridi zikiwa 1.5, ndani yake kuna asidi 4.5 zimefungwa. Kutoa 0.32 inatosha kuvunja asilimia 7 tu. Kidogo sana hicho.

#34 Vet_Kongwa
Basi rahisi, apime trigliseridi upya. Zikiwa zimeshuka, zimevunjika. Kesi imeisha.

#35 Dada_Sentrifuji
Haitaonekana, Vet. Kipimo cha kawaida cha trigliseridi kinazivunja zote halafu kinahesabu gliseroli. Iliyovunjika frizani na iliyovunjwa na mashine zote zinaacha gliseroli ile ile. Atapata namba isiyobadilika na atadanganyika. Apime gliseroli huru.

#36 Vet_Kongwa
Leo nimepigwa mara mbili. Narudi kwa ng'ombe wangu.

#37 Mzee_wa_Bureti
Mpima_Dom, nikuulize swali la kizee. Zilipoyeyuka ulizichanganya? Plazima ikiganda na kuyeyuka inajipanga: maji juu, protini na chumvi chini. Asidi za mafuta zinatembea zimebebwa na albumini, protini ya kwenye plazima. Ukichovya pipeti chini bila kutikisa, unavuta albumini nzito na mzigo wake, jibu linapanda. Na vifuniko vikiwa havijabana, friza inakausha maji taratibu kama nyama iliyosahauliwa. Pima albumini kwenye zile zile 10. Ikiwa nayo imepanda, usitafute kimeng'enya, tafuta kifuniko.

#38 Mpima_Dom
Mzee... niligeuza tyubu mara moja moja. Nadhani. Intani ndiye aliyeziyeyusha.

#39 Kitonga_Msomaji
Kila maabara lazima intani abebe msalaba.

#40 Intani_Asiyejulikana
Mimi si yeye, lakini naumia.

#41 Gesi_na_Safu
Nimesoma wote. Mnagombania rangi ya zambarau wakati njia ya uhakika ipo: kromatografia ya gesi. Unatoa asidi, unazigeuza kuwa esta za methili, unazipitisha kwenye safu, kila moja inatoka kwa wakati wake. Unaona oleiki, palmitiki na linoleiki kila moja kivyake, siyo jumla ya kubahatisha. Kabla ya kuanza unaweka kiasi unachokijua cha asidi ya kaboni 17, ambayo mwili wa binadamu hauna, na unazipimia nyingine kwa hiyo.

#42 Vet_Kongwa
Nimerudi, hapa ni kwangu! Asidi ya kaboni 17 binadamu "hana"? Vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinaitengeneza, inaingia kwenye maziwa na samli, na anayekunywa maziwa inaonekana kwenye damu yake. Kidogo, lakini ipo. Nenda kawapime Wagogo wanaoshushia ugali na maziwa mgando halafu useme hawana. Kipimio chako kitakuwa kimeshaongezewa chumvi na kijiji kizima kitasomeka chini.

#43 Gesi_na_Safu
Hahaha, haki yako. Ndiyo maana wengine wanatumia ya kaboni 19 au yenye haidrojeni nzito. Nilisema kwa kifupi.

#44 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Na ukigeuza kuwa esta kwa asidi kali na moto bila kuzitenga kwanza, unazigeuza na zile za kwenye trigliseridi. Unapata mafuta yote ya mtu unaita huru. Gesi siyo malaika.

#45 Mzee_wa_Bureti
Kulikuwa na njia ya shaba pia, ya Duncombe, 1963. Asidi inashikana na shaba inakuwa sabuni, inaingia kwenye kloroformu, unaiongezea dawa ya kuonyesha shaba, inatoa rangi ya njano. Rahisi, ila fosfolipidi, mafuta mengine ya damu, zikiingia nazo zinakupandishia. Na kloroformu inakupa usingizi wa mchana. Kila njia ina mwizi wake.

#46 Fundi_Alizeti_Sgd
Mzee, hiyo ya shaba naweza kuitumia kwa alizeti?

#47 Mzee_wa_Bureti
Baki na bureti yako mwanangu, una gramu nzima.

#48 Mpima_Dom
Wakuu, mrejesho. Nimepima albumini kwenye zile 10. Imepanda kwa saba, wastani kama asilimia 6. Tatu haijabadilika.

#49 Mzee_wa_Bureti
Kifuniko.

#50 Dada_Sentrifuji
Mzee kwa heshima, asilimia 6 ya 0.61 haifiki hata 0.04. Iliyobaki ni umeme na kijani.

#51 Dkt_Zamu_ya_Usiku
Iliyobaki ni joto la njiani. Kijani haihusiki.

#52 Namba_Hazidanganyi
Iliyobaki ni sampuli 10 tu. Lakini mkiendelea hivi mtanipa kazi.

#53 Mpima_Dom
Asanteni wote. Jumamosi nakwenda Chamwino, watu sita wamekubali. Kila mmoja nachukua zambarau na kijani mkono mmoja, nusu nazungusha pale pale kwa sentrifuji ndogo ya jenereta, nusu naziacha kwenye gari saa nne. Gliseroli huru nimeomba kwa jirani. Kinachonikwamisha ni barafu tu, mjini wananiuzia ya vipande vidogo inayeyuka kabla ya Buigiri.

#54 Fundi_Alizeti_Sgd
Gandisha maji yenye chumvi kwenye chupa za lita moja na nusu, zipange pembeni, sampuli katikati ila zisigusane na chupa, zisije zikaganda. Sisi samaki wa Mtera tunawaleta hivyo mpaka Singida.

#55 Mama_Ubuyu_Majengo
Na hao sita waambie wasinywe ubuyu mpaka utoe damu. Wakimaliza, waje.